Kahawa Isiyotafunwa

Mimi simu ikilia kabla ya saa moja asubuhi, huwa nimeshamzika mtu kabla sijaipokea. Jumanne ile nilikuwa jikoni kwangu hapa Bakoba, mjini Bukoba, nachagua maharage, na kabla kidole hakijagusa simu nilikuwa nimeshawapitia watoto wangu wote watatu, mmoja mmoja, nikiwaona barabarani, hospitalini, majini. Haikuwa habari yao. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Muleba nisiyemjua, akanisalimia kwa adabu, akaniambia kwamba Ma Yustina amepumzika, alikwenda taratibu bila kumsumbua mtu, na mazishi ni Alhamisi. Nilisema yale yanayosemwa. Kisha nikarudi kwenye maharage yangu, na mikono haikutetemeka hata kidogo. Jirani aliyeingia kuazima kinu alinikuta bado nachagua. Alipoisikia habari alinitazama, akasema kile ambacho watu wa mji huu wamekuwa wakiniambia tangu nilipokuwa mkunga kijana: Ma Edissa, wewe umejaliwa utulivu. Laiti angeweka sikio kifuani kwangu. Na aibu zaidi ni kwamba nilikuwa hata siwazi msiba wa mama yule. Nilikuwa nawaza kwamba Koku atakuja mazikoni, na kwamba safari hii sitakuwa na pa kujificha.

Ma Yustina alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mjane asiye na mtoto. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima upande wa Muleba, ukisimama barazani unaona ziwa na visiwa vyake. Kila mwaka alipokea wasichana wanne au watano waliotoka shule na hawajui waende wapi. Walilima naye, walijifunza kushona na kuhudumia wagonjwa, na kila kukicha walikaa kimya saa nzima kabla ya uji. Mwaka wangu tulikuwa wanne. Ya kwetu Bilele, Bukoba mjini, sitayasimulia; itoshe kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwamba nilikuwa nimetoka mbio kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, karatasi ikiwa tupu, kwa sababu moyo ulinienda mbio nikadhani nakufa. Sikufa. Ila mtaa mzima ulijua, na nilipokwenda dukani kununua chumvi watu walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na mazungumzo mengine. Kwa hiyo nilipanda kile kilima nikiwa na nia moja tu, nisirudi. Nilijiambia nitajifunza kutulia, au angalau nitakaa mahali ambapo hakuna anayejua kwamba sijatulia.

Chumba cha kukaa kimya kilikuwa cha mbele. Sakafu yake ilitandikwa nyasi kama nyumba za wazee wetu, na kila Jumamosi tulikata nyingine mbichi, kiasi kwamba Jumapili chumba kilinukia kama shamba lililonyeshewa. Tulikaa juu ya nyasi zile, migongo ukutani. Ma Yustina alipita na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ikakaushwa na ganda lake, ambayo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Lakini yeye hakutupa tuitafune. Alimpa kila mmoja moja, aiweke juu ya ulimi, akae nayo mpaka atakapopiga kofi. Siku ya kwanza alitueleza mara moja, na sikumsikia akieleza tena.

“Msiitafune, msiiteme, msiimeze. Wasiwasi ndivyo ulivyo. Kaeni nao tu.”

Kofi likipigwa, kila mmoja aliiweka kahawa yake kwenye sahani ya bati iliyokuwa mbele yake. Ma Yustina alipita akitazama sahani moja moja, mikono nyuma, kama mwalimu anayekagua kucha. Hakusifu, hakukemea. Aliangalia tu, akaenda kutia uji. Kulikuwa na mke wa mwinjilisti, jirani yake, aliyewahi kuja kuuliza kama hayo hayakuwa mambo ya kienyeji yasiyofaa nyumba ya Mkristo. Alipewa kahawa akae nasi aone. Aliitafuna kabla hata hajajiweka sawa, akacheka, na tangu hapo akawa anakuja kila wiki kuzungumza jikoni.

Aliyeitafuna kila siku bila kukosa alikuwa Kokushubira, msichana wa Rubafu, ambaye sote tulimwita Koku. Tulikuwa tunaisikia. Kimya kimejaa, jogoo ameshanyamaza, na mara ganda linapasuka kati ya magego ya Koku na kimya chote kinakatika. Kofi likipigwa alifungua kinywa na kuumwaga ule unga mweusi kwenye sahani, akasema, “Ma, imenishinda tena, waitu,” kwa ile waitu yetu ya Kihaya ya kubembeleza, na macho yake yalikuwa yanacheka. Alikuwa mtu wa kuimba akimenya ndizi, wa kuacha maziwa yakamwagika kwa sababu anasimulia, wa kuuliza swali katikati ya sala. Wenzetu wawili walimwita debe tupu. Mimi nilimpenda tangu wiki ya kwanza, siku aliponiita nyuma ya jiko, akaipasua kahawa moja kwa meno, akanipa punje moja na yeye akabaki na nyingine. Zamani kwetu watu wawili waliotaka kuwa ndugu walinywana hivyo, kila mmoja akimeza punje yenye damu ya mwenzake. Koku alisema sisi tutanywana bila damu, maana mimi nikiona damu nitazimia na yeye hataki kulaumiwa. Tukatafuna. Nami mtoto wa watu, ambaye nilikuwa sijawahi kuchaguliwa na mtu, nikaona nimepata ndugu.

Mimi nilikaa kama gogo. Kwa nje nilikuwa mfano: mabega chini, macho nimeyafumba, pumzi haisikiki. Kumbe ndani nilikuwa namuua mama yangu kwa ajali, namfufua, namuua tena kwa homa. Nilisikiliza hatua njiani na kujiuliza kama ni mtu aliyetumwa kutoka nyumbani. Nilihesabu mapigo ya moyo, na nikipoteza hesabu nilidhani umesimama. Siku ya tatu taya zilijifunga zenyewe, na nilipogundua, kahawa ilikuwa vipande. Niliogopa jinsi nilivyoogopa ule mtihani. Nikaimeza yote na maganda yake, kimyakimya, na siku hiyo sahani yangu ikabaki tupu. Kesho yake nilikuja na kahawa nyingine niliyoichukua jikoni, nimeificha katika pindo la kanga. Kofi lilipopigwa nilijifanya nafuta mdomo, nikaitumbukiza, nikaitoa nzima na kuiweka sahanini. Ma Yustina akaitazama, akapita. Basi ikawa ndiyo desturi yangu. Tangu siku hiyo ya tatu sikuwahi, hata mara moja, kumaliza saa ile na kahawa nzima. Baadaye sana, nikiwa nasomea uuguzi, nilielewa pia kwamba msichana anayemeza kahawa kila asubuhi na njaa lazima moyo umwende mbio. Nilicheka peke yangu darasani mpaka wenzangu wakaniuliza nina nini. Lakini mwaka ule sikujua. Nilidhani ninavyozidi kukaa kimya ndivyo ninavyozidi kuharibika, na kwamba mimi nimeumbwa hivyo na hakuna dawa.

Katikati ya mwaka nilisikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Nilikuwa nyuma ya jiko namenya ndizi, na ndani Ma Yustina alikuwa na yule mke wa mwinjilisti. Ma Yustina alisema magoti yanamchosha, na kwamba Krismasi ikifika atambakiza msichana mmoja akae naye kama mtoto wake, amsaidie, naye amsomeshe uuguzi polepole. Mmoja tu, nyumba haiwezi zaidi. Mgeni alisema mbona jibu liko wazi, huyu wa Bilele ametulia kama maji ya mtungini, yule wa Rubafu ni mtoto mzuri lakini hatulii hata akiwa usingizini. Nilisubiri Ma Yustina ajibu. Nilisikia kisu chake tu kikikata, kikikata. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nafasi ilikuwa yangu, na ilikuwa ya uongo, na kila asubuhi ningeweza kuipoteza kwa pindo la kanga kufunguka.

Ingekuwa hivyo tu ningeweza kuvumilia. Lakini wiki hiyohiyo, tukiwa kisimani, Koku aliniambia jambo ambalo hakuwa ameliambia mtu. Kwao Rubafu kulikuwa na mwanamume mwenye duka, mkubwa kwake kwa miaka kama ishirini, na watu wake walikuwa wameshaleta pombe ya posa, na ukoo wa Koku ulikuwa umeshaiketia na kuinywa. Pombe ikishanywewa, kurudisha neno ni aibu ya ukoo mzima. Ni Ma Yustina tu aliyeheshimika kiasi cha kuwaambia wazee, huyu ni mtoto wangu, mwacheni. Koku alisema hayo akijaza ndoo, bila kucheka, na ndiyo mara pekee mwaka ule nilipouona uso wake bila kicheko. Akaniuliza kama nadhani ana bahati ya kubakizwa. Nilimwambia Mungu anajua. Nikaitwika ndoo yangu haraka ili asinitazame.

Mwezi wa kumi na moja ukaja na senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Kulikuwa na ukungu asubuhi ile, tumekaa, kahawa ulimini, na tukaanza kuwasikia wakigonga bati. Kisha kilima kizima kikalipuka: wanawake wanaitana, watoto wanapiga masufuria, mtu anamwita mumewe kwa Kihaya alete gunia. Anayejua kwetu anajua kwamba senene wakianguka hakuna anayebaki kitandani, hata mgonjwa anauliza wameangukia wapi. Sisi tulibaki. Ganda la Koku likapasuka, nikamsikia akinyanyuka, mlango ukalia, ameenda. Nilifumbua jicho moja. Ma Yustina alikuwa ametazama dirishani, na ningeweza kuapa kwamba alikuwa anatabasamu. Mimi sikujongea, na baadaye wenzangu walilitaja jambo hilo kwa mshangao, kwamba Edissa hata senene hawakumtikisa. Ukweli ni kwamba nilitamani kukimbia mpaka miguu ikaniuma. Niliogopa tu kwamba nikisimama ghafla kahawa ya pindoni itaanguka juu ya nyasi. Koku alirudi na kanga iliyojaa, mabawa kwenye nywele, matope mpaka magotini. Mchana tulipowakaanga, alinipakulia mimi fungu kubwa kuliko lake, akasema ni la yule aliyemwombea wakati yeye anafanya dhambi. Niliwala wote. 

Wiki mbili kabla ya Krismasi Ma Yustina alituita chumba cha mbele, akatushukuru mmoja mmoja, akasema, “Edissa atabaki nami.” Hakuna aliyeshangaa. Wenzetu wawili walinikumbatia. Koku aliniangalia mara moja, si usoni, akaangalia pindo la kanga yangu, halafu akaenda kufunga mzigo wake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kulikuwa na saa tatu za kulisema kabla hajaondoka. Nilifua. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Ma Yustina ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani, na mimi nilijifungia stoo nikaitafuna kahawa nzima nzima, moja baada ya nyingine.

Nilikaa na Ma Yustina miaka sita, nikawa mkunga, nikarudi kuishi Bukoba, nikaolewa, nikazaa. Nimepokea watoto wa watu wengi kwa mikono hii, na mama zao walinishika wakasema wakiniona tu wanatulia. Binti yangu siku hizi ana kitu kwenye simu yake kinachomfundisha kuvuta pumzi na kukaa kimya dakika kumi. Aliniuliza majuzi, mama, wewe uliyekaa miaka yote hiyo, hivi kukaa kimya kunabadilisha tabia ya mtu, au waliozaliwa watulivu ndio wanaopenda kukaa kimya? Nilimjibu kwamba sijui, na huo ndio ukweli. Najua watu wakimwona mtu aliyenyamaza humwandikia wenyewe kilichomo ndani. Tulifundishwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini tukimkuta aliyenyamaza hakuna anayesubiri mshindo, tunampa sifa na kupita. Rubafu si mbali na Bukoba. Umbali niliuweka mimi. Mara moja nilimwona Koku sokoni, na nikajificha nyuma ya mikungu ya ndizi mpaka alipopita. Alikuwa amekonda, anatembea polepole, hazungumzi na yeyote. Wauguzi wa kwao waliniambia siku hizi Koku ni mtu wa kimya, hutamdhani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifarijika. Nilijiambia basi amekua.

Alhamisi tulimzika Ma Yustina ndani ya migomba yake, karibu na nyumba, na mvua ilijizuia mpaka udongo ulipomalizika. Watu walipoketi kula, niliingia chumba cha mbele kukwepa salamu. Nyasi zilikuwa mbichi, wamezitandika kwa ajili ya msiba. Koku alikuwa amekaa mahali pake palepale, mgongo ukutani, nywele nyeupe chini ya kitambaa, na mapajani ana kikapu cha kahawa ya wageni. Nikafikiria kurudi nje. Akasema bila kunyanyua macho, njoo ukae, Edissa, mlango huo unalia ukiufungua na ukiufunga. Nikakaa. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Mume wake, yule mwenye duka, alikuwa amefariki, mwaka wa tisa sasa. Moyo ulinipiga masikioni, na nilijua nikingoja kidogo tu nitapata sababu ya kunyamaza, kama kawaida yangu.

“Koku, ile nafasi niliiiba,” nikasema. “Kahawa yangu ilikuwa pindoni. Mwaka mzima.”

“Najua,” akasema. “Nilikuona tangu mwezi wa pili. Na siku ile barabarani nilikusema kwa Ma.”

 Akanisimulia taratibu, akizichambua kahawa kwa vidole. Alikuwa amelia njia nzima, na walipofika barabarani hasira zikamshinda, akamwambia Ma Yustina kila kitu, pindo na yote. Ma Yustina alimsikiliza. Kisha akamwambia kwamba anajua, amejua tangu wiki ya kwanza. Kahawa iliyokaa mdomoni saa nzima hulainika na kupauka, na ya Edissa ilitoka ngumu na nyeusi kama imetoka kikapuni sasa hivi. Wewe, alimwambia Koku, ukishindwa unaonyesha, kwa hiyo utaweza kuishi popote. Huyu anayeficha akiachwa peke yake atapotea.

Miaka thelathini na saba nilikuwa nimedhani nimemdanganya. Kumbe nilibakizwa kama mgonjwa anavyobakizwa wodini. Machozi yalinitoka, na ndani yake kulikuwa na kitu kama nafuu, kama mtu aliyefutiwa kesi. Koku aliniona. Hakuna kitu changu ambacho hajawahi kukiona.

“Usifurahi haraka,” akasema. “Juu yako hakukosea. Juu yangu alikosea.”

Nje kwaya ilikuwa imeanza wimbo. Akachukua kahawa mbili, akanipa moja, akaweka nyingine ulimini, akanionyesha kwa kidole kule kwaya iliko: mpaka wimbo uishe. Niliweka yangu. Nilifumba macho, nikaona barabara ya kurudi Bukoba ina utelezi, nikamwona dereva, nikawaona watoto wangu wananitafuta, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha ganda lilipasuka kati ya meno yangu kwa sauti ambayo nadhani hata waliokuwa barazani waliisikia. Sikuimeza. Wimbo ulipokwisha niliutema ule unga kiganjani na kumwonyesha, mwanamke mzima wa miaka hamsini na sita, mkono ukitetemeka wazi kabisa. Aliutazama akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yakicheka kama zamani. Kisha akafungua kinywa, akaweka ya kwake kiganjani. Ilikuwa nzima, imelainika, haina hata alama ya jino.

Nikamuuliza alijifunzia wapi.

“Jikoni kwangu,” akasema. “Miaka ishirini na minane. Nikisikia viatu vya mume wangu mlangoni, hata pumzi naishika, maana sijui leo ameamkaje. Ikafika mahali siwezi tena kuimba hata akiwa safarini. Rubafu yote ikanisifu, Edissa. Wakasema, Koku siku hizi ametulia.”

 Aliipasua ile kahawa kwa kucha, akanipa punje moja, akaanza kutafuna ya kwake, na mimi nikatafuna yangu nikilia kwa sauti, mpaka watu wakaja mlangoni kuuliza kuna nini humo ndani na Ma Edissa.